JINA LA CHAMA HUMSHIKA MTU WAPI?

Wako watu wenye elimu, na baadhi yao ni wanachama wetu wa siku nyingi, wasemao kwa dharau kwamba mwananchi wa kawaida huchagua chama kama achaguavyo timu ya mpira: hakusoma ilani, hajui sera, amevaa rangi tu. Usemi huu tumeusikia mara nyingi, na kila uchaguzi ukiisha husikika tena, hasa vinywani mwa walioshindwa. Sisi twaukataa. Hatusemi kwamba wanachama wote wamesoma ilani. Hapana haja ya kudanganyana katika gazeti letu wenyewe. Lakini wasemao hivyo hawajajisumbua kuuliza ni kitu gani kimfanyacho mtu aseme "mimi ni wa chama fulani" kwa sauti ile ile asemayo "mimi ni mwana wa fulani", akadumu katika neno hilo miaka hamsini, kisha akawarithisha wanawe kama anavyorithisha shamba.

Ili tusiseme hewani, tutatazama Unguja na Pemba, maana hapana mahali katika nchi yetu ambapo jina la chama limewapenya watu kama huko. Twajua kwamba wako watakaosema mambo hayo yaachwe yalale. Hayajalala, ndugu wasomaji. Mwenye shaka na akae kwenye baraza lolote la kahawa la Unguja siku za uchaguzi, atasikia mwenyewe.

Majina yalianza kabla ya vyama. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924, maelfu ya watu wa Visiwani walijiandikisha kuwa Waswahili. Ilipofika hesabu ya mwaka 1948 jina hilo lilikuwa karibu limetoweka, na wengi walikuwa wamejiandikisha kuwa Washirazi. Hapana tauni iliyowafagia Waswahili wale. Watu walikuwa wale wale na nyumba zao zile zile. Kilichogeuka ni thamani ya jina. Serikali ya Waingereza iliwapangia watu haki zao kwa kabila, na wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, chakula kilipogawiwa kwa kipimo, mchele ulifuata jina la mtu. Mwarabu na Mhindi walihesabiwa kuwa walaji wa mchele. Mwafrika akahesabiwa kuwa mlaji wa mahindi. Basi mtu aliyelelewa kwa wali tangu utoto akatambua kwamba neno moja lililoandikwa na karani laweza kumwondolea sahani mbele yake. Baada ya somo kama hilo, nani atashangaa akimwona mtu amelishika jina kwa mikono miwili?

Kwa hiyo vyama vilipozaliwa havikuzaliwa juu ya ardhi tupu. Desemba 1955 kilianza chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho wananchi wamekiita Hizbu mpaka leo. Tarehe 5 Februari 1957 wakuu wa Jumuiya ya Waafrika na wa Jumuiya ya Washirazi wakaungana, na Afro-Shirazi ikazaliwa. Julai ya mwaka ule ule watu wa Visiwani wakachagua wajumbe sita kwa kura, na Hizbu haikupata hata mmoja. Ukizisoma sera za vyama hivyo viwili leo, hutaona bahari katikati yake. Hizbu ilihubiri kwamba raia wote ni wamoja chini ya Sultani, nayo ikadai uhuru upesi. Afro-Shirazi ilitaka uhuru pia, ila mwanzoni ilisita kuuharakisha. Msomi aliyeketi na kalamu yake angedhani kwamba watu maskini zaidi wangekimbilia chama kinachodai uhuru mapema. Hawakukimbilia. Waliuliza kwanza uhuru huo utakuwa wa nani, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa swali la busara kuliko maswali mengi yaliyoulizwa siku zile katika Baraza la Kutunga Sheria.

Sasa tazama yaliyotokea mashambani baada ya kura ile. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiishi katika mashamba ya karafuu yasiyokuwa yao, wakipanda mihogo na ndizi katikati ya mikarafuu pasipo kulipa kodi, na kwa fadhila hiyo wakimpalilia mwenye shamba. Hapakuwa na hati. Palikuwa na mazoea na salamu. Baada ya 1957 wako wenye mashamba walioanza kuwauliza wakazi wao, "Wewe ni wa chama gani?" Aliyekutwa ni wa Afro-Shirazi aliamriwa kung'oa vyakula vyake na kuondoka. Wenzake nao wakajibu kwa kususia maduka ya upande wa pili na kufungua maduka yao ya ushirika. Ugomvi ukaingia sokoni, ukapanda mabasi, na mwisho ukafika makaburini: mtu akafa, na jirani aliyekuwa akimwazima jembe na kinu asiende kumzika.

Hapa ndipo tuonapo jibu la swali letu. Mtu aliyefukuzwa shambani kwa ajili ya jina hawezi tena kulivua kama kanzu, maana amekwisha kulilipia. Mwanawe aliyebeba mkeka na chungu njiani siku ile atakuwa wa chama hicho hata akienda kusoma Makerere au Ulaya na kurudi na shahada tatu. Hali kadhalika na upande wa pili. Mwenye duka dogo la ng'ambo aliyekaa toka asubuhi hadi jioni pasipo mteja, akijua kwamba hakumkosea mtu bali amesusiwa kwa sababu ya kikundi alichohesabiwa nacho, yeye naye alikuwa wa Hizbu kuanzia siku hiyo, hata kama jana yake hakuwa na chama. Adui yako akikubatiza jina, mara nyingi utalishika jina hilo kuliko ulilojipa mwenyewe.

Wafanyakazi wasidhani kwamba jasho liliwaunganisha. Twapenda kusema katika mikutano yetu kwamba mfanyakazi humtambua mfanyakazi mwenzake kwa sugu za mikono. Ingekuwa heri kama ndivyo. Mashindano ya vyama yaliingia bandarini Unguja mwaka 1958, na kazi ya makuli ikageuka kuwa jambo la kupiganiwa kwa vyama: nani apewe zamu, nani akae nje ya lango. Kisha yakawapo mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi. Moja, Zanzibar and Pemba Federation of Labour, lilikuwa upande wa Afro-Shirazi. La pili, Federation of Progressive Trade Unions, lilikuwa upande wa Hizbu. Gunia la karafuu lilikuwa na uzito ule ule kwa kila bega, na mshahara ulikuwa mdogo kwa wote. Lakini kuli hupata zamu kwa kujulikana, na akiugua huchangiwa na wanaomjua. Aliyemchangia ndiye chama chake. Msimamizi na mwenye meli walifaidi mgawanyiko huo, na sisi hatuoni ajabu.

Halafu kuna jeraha la kuhesabiwa. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, na viti vyote vikagawanyika nusu kwa nusu, kumi na moja huku na kumi na moja huku, baada ya wajumbe watatu wa chama cha Muhammad Shamte, kilichojitenga na Afro-Shirazi mwishoni mwa 1959, kugawana pande. Uchaguzi ukarudiwa Juni ya mwaka ule. Ghasia zilizoanza siku ya kupiga kura ziliua watu 68. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, nayo ikapewa viti 13 kati ya 31, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika majimbo machache. Tarehe 10 Desemba 1963 bendera ya uhuru ikapandishwa juu ya watu waliojihesabu wengi na kuambiwa kuwa ni wachache. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye yakawa Mapinduzi, na katika siku zile wengi waliuawa ambao hawakuwahi kushika kadi yoyote, kwa kuwa nyuso zao zilisomwa kama kadi. Twayaandika haya kwa utulivu kwa sababu watoto wa pande zote mbili wanatusoma.

Mwaka 1964 Hizbu ilikoma kwa sheria. Hapakuwa tena na ofisi, wala bendera, wala kadi. Kwa hesabu ya msomi, jina hilo lingalikufa pamoja na wazee. Lakini vyama vingi viliporudi mwaka 1992, miaka 28 baadaye, jina Hizbu lilikutwa limekaa jikoni na barazani, zima kabisa, na likatupwa usoni mwa vijana ambao hata wazazi wao walikuwa watoto wakati wa Sultani. Vijana hao walijiunga na Chama cha Wananchi, CUF, ambacho kilikuwa na wafuasi bara na Visiwani, na viongozi wake kadhaa wa Visiwani walitoka katika chama tawala chenyewe. Haikusaidia. Uchaguzi wa 1995 ulipohesabiwa, Pemba yote, viti 21, ilikuwa ya CUF. Na katika kiti cha Urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Yale ya 1957 yakarudi: harusi zikavunjika, watu wakagawana misikiti, misiba ikakosa wachukuzi. Michenzani palikuwa na maskani ya Kisonge, Mji Mkongwe palikuwa na Jaws Corner, na mwendo wa dakika chache kati ya hapo na hapo ulikuwa mrefu kuliko safari ya Dar es Salaam.

Bara jambo hili lilichukua sura nyingine, na hatutakaa sana juu yake. TANU ilipata watu wake kwanza kwa hamu ya kuondoa ukoloni. Walionunua kadi mwaka 1955 walikuwa wakihatarisha kibarua chao. Baadaye, chama kilipokuwa kimoja, na balozi wa nyumba kumi akawa ndiye wa kumthibitisha mtu kuwa ni mkazi mwema, kadi ikawa pia ufunguo wa mlango. Si dhambi kutaka ufunguo. Lakini chama chenye kadi nyingi za namna hiyo kisijidanganye kwamba kinajua idadi ya wapenzi wake. Tume ya Jaji Nyalali ilipowauliza wananchi mwaka 1991, karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, na pamoja na hayo wengi wao walitaka mambo mengi yabadilishwe. Watu hawa walipenda amani ya nyumba waliyoizoea, nao waliiona nyufa zake.

Wenzetu wa Kenya wametufundisha kwamba jina laweza pia kuwa jepesi. Waliotwaa madaraka mwaka 2002 walikuja kwa jina la NARC, mwaka 2007 jina lilikuwa PNU, 2013 lilikuwa TNA na URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Chaguzi tano, majina matano na zaidi, na mpiga kura hakupotea njia hata mara moja. Alikuwa akimtazama mtu na watu wa kwao. Chama kwake kilikuwa basi la kukodi. Na Uingereza, kule Bolsover, jimbo la wachimba makaa lililokuwa la chama cha Labour tangu lilipoanzishwa mwaka 1950, wananchi walichagua mjumbe wa Conservative mwaka 2019. Magazeti mengi yalieleza habari hiyo kwa hotuba na sera za mwaka ule. Sisi twaona mzizi wake uko mbali zaidi. Baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985 mashimo ya makaa yalifungwa moja baada ya jingine, na shimo likifungwa hufungwa pamoja na tawi la chama cha wafanyakazi, na ukumbi ambapo baba na mwana walikutana Jumamosi. Jina lilibaki likining'inia peke yake miaka thelathini, kisha likaanguka.

Turudi Visiwani, maana kuna jambo la mwaka 2019 ambalo wanachama wetu wengi walilicheka badala ya kujifunza. Tarehe 18 Machi ya mwaka huo mahakama iliamua ule ugomvi wa uongozi wa CUF, na Profesa Lipumba akathibitika kuwa mwenyekiti. Siku ile ile Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga," wakasema watu wake, na kabla wino wa hukumu haujakauka bendera zilikuwa zimeshuka na kuta za matawi zilikuwa zikipakwa rangi ya zambarau. Wako waliosema, "Tazama, hawa hawana msimamo, wamebadili chama kama shati." Twasema hawakubadili chochote. Jina la CUF lilibaki na hati zake, na tawi likaondoka: mwenye nyumba yule yule, mweka hazina yule yule, mama aliyepika chai ya mkutano, kijana mwenye pikipiki ya kupeleka barua. Hilo ndilo lililokuwa chama tangu mwanzo, na pamoja nalo lilihama kumbukumbu la Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, wakafa watu kwa makumi, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Mtu hawezi kuhama kutoka katika kumbukumbu kama hilo kwa kubadili rangi ya ukuta.

Je, basi hakuna dawa? Ipo, nayo imekwisha kujaribiwa mara mbili, kwa matokeo mbalimbali. Mwaka 1958 viongozi wa PAFMECA waliwaleta pamoja wakuu wa Hizbu na wa Afro-Shirazi, na Kamati ya Uhuru ikaundwa. Wakuu walishikana mikono. Lakini aliyefukuzwa shambani hakurudishiwa mihogo yake, na kamati haikudumu. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana, na safari hii jambo lilipelekwa kwa wananchi wenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 waliulizwa kwa kura kama wanataka serikali ya pamoja, na theluthi mbili wakakubali. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa na tofauti ndogo tena, chini ya kura elfu nne, na hakuna aliyemwagiwa damu, kwa sababu aliyeshindwa alijua kwamba hatapoteza kila kitu. Watu wa vyama viwili walionekana wakinywa kahawa pamoja, wakiwa bado ni wa vyama viwili. Kwamba amani hiyo ilitikisika tena, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, hakuondoi ushahidi wake. Jina la chama hupungua ukali pale tu ambapo mtu hatanyang'anywa kitu kwa ajili yake.

Hili lawahusu wanachama wetu moja kwa moja. Gazeti hili ni mali ya chama, na hatuna haya kutaka chama chetu kipendwe. Lakini mwajiri wa chama chetu akimnyima mtu kazi kwa ajili ya kadi, hakutuongezea mwanachama. Amewapa wapinzani wetu ukoo mzima, mpaka wajukuu. Kijana wetu anayemwita mwenzake Hizbu barabarani, hali yeye mwenyewe alizaliwa miaka arobaini baada ya Hizbu kukoma, anamfundisha mwenzake kulipenda jina ambalo pengine hakulifikiria. Na mtu akirudisha kadi yetu kwa adabu, apokewe kwa adabu, apewe mkono, na asianze kutangazwa msaliti katika mkutano wa jioni. Tumekwisha kusikia wakuu wa matawi wakijisifu kwa kumsusia mtu msiba. Hatujui wamejifunza wapi kwamba hiyo ni siasa.

Kwa wafanyakazi twaongeza neno moja. Mwajiri hana chama siku ya kukata mshahara. Shauri la mwenzako lililo halali lipelekwe pasipo kuulizwa kadi yake, hata kama jioni mtapita mbele ya matawi mbalimbali mkienda nyumbani.

Makatibu wa matawi watafunga hesabu za kadi zilizouzwa mwishoni mwa robo hii, na sehemu ya hesabu hizo itachapishwa katika ukurasa huu kama desturi. Safari hii twaomba ukurasa wa pili katika daftari lile lile: ni misiba mingapi ya watu wasio wa chama chetu iliyohudhuriwa na viongozi wa tawi, na ni mashauri mangapi ya wafanyakazi yaliyochukuliwa kwa mwajiri pasipo kuuliza chama cha mwenye shauri. Tawi litakaloandika sifuri na liandike sifuri. Tutazichapisha hesabu zote kama zitakavyotufikia.